Ukienda Uluguru na Kamera



Tangu Juni 2024, treni ya umeme ilipoanza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro, Mji Kasoro Bahari umeisogelea bahari. Safari ambayo kwa basi ilikuwa ikila nusu ya siku, kwa foleni ya Kibaha na kusimama mizani ya Vigwaza, sasa haimalizi saa mbili. Matunda yake yanaonekana Jumamosi asubuhi pale stesheni ya Kihonda. Vijana wanashuka na mabegi mgongoni, raba mpya miguuni, mmoja ana kamera shingoni na watatu wana simu. Wanamuuliza bodaboda swali moja tu: mlimani shilingi ngapi? Na tiketi ya kurudi Dar, ya jioni hiyohiyo, iko mfukoni.

Ni jambo jema. Kwa miaka mingi tulijiaminisha kwamba mtu anayepanda mlima bila kufuata kuni wala shamba lazima awe Mzungu. Sasa mtoto wa Mbagala na wa Tabata anataka kukijua kilele cha Lupanga, katika Milima ya Uluguru, kwa miguu yake. Apewe heko. Ila nina neno naye kuhusu hiyo tiketi ya jioni, na neno lenyewe ni hili: kupanda mlima ni safari, na kupiga picha ni safari nyingine. Mshika mbili moja humponyoka, na anayezishika zote mbili kati ya treni ya asubuhi na treni ya jioni zitamponyoka zote.

Tuangalie saa. Mpanda mlima mwenye akili anaondoka alfajiri ili atembee kwenye ubaridi, anafika juu kabla ya mchana na kushuka kabla ya giza. Mpiga picha mwenye akili anataka kinyume chake. Jua linapochomoza awe ameshasimama mahali pake, mikono imetulia. Jioni asimame tena mpaka mwanga uishe. Katikati ya siku, jua likiwa utosini, hana kazi kubwa ya kufanya. Kwa maneno mengine, saa za kutembea ni saa mbaya za picha, na saa nzuri za picha ni zile ambazo mtembezi anatakiwa awe amelala au yuko karibu na kitanda.

Sasa mchukue huyo kijana wa stesheni. Hadi apate kifungua kinywa, apate mwenyeji wa kumwongoza na kulipia kibali, imekwisha kuwa saa nne. Akijitahidi sana atafika kileleni saa nane au saa tisa, wakati mawingu kutoka baharini yameshaufunika mlima. Anapiga picha. Inatoka ukungu mweupe na yeye mbele yake, kama mtu aliyesimamishwa mbele ya shuka. Kisha anashuka mbio akiiwaza treni, na kushuka mbio ndiko kunakovunja watu miguu.

Wasikilizaji, nataka tufanye hesabu kidogo. Mji wa Morogoro uko kama mita 500 juu ya usawa wa bahari. Kilele cha Lupanga, kile tunachokiona kila siku tukiinua macho, kimepita mita 2,100. Tofauti ni mita 1,600 hivi. Weka namba hiyo akilini, kisha twende Marekani, jimbo la Arizona, kwenye Hifadhi ya Taifa ya Grand Canyon. Lile ni korongo la jangwani ambalo watu hutoka dunia nzima kwenda kulitembea na kulipiga picha, na kina chake nacho ni kama mita 1,600. Wasimamizi wa hifadhi ile wanawaonya wageni bila kumung'unya maneno: usijaribu kushuka hadi mtoni na kurudi juu kwa siku moja. Wenzetu urefu ule wanaupangia kulala njiani. Sisi tunaupangia kati ya chai ya asubuhi na treni ya saa kumi na mbili.

Sisemi kwamba Lupanga haiwezekani kwa siku moja. Inawezekana, na wapo wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Sokoine pale chini ya mlima wanaopanda na kurudi. Lakini hao wanaanza kukiwa bado na giza, wana miguu ya mazoezi, na hawajabeba kamera ya kilo mbili. Tena kuna tofauti moja ya kuzingatia. Korongoni raha hutangulia: unashuka ukiimba, tabu inakungoja kwenye kurudi, kwenye joto. Mlimani tabu hutangulia, na mtu akishafika juu hujiona amemaliza. Hajamaliza. Mpanda ngazi hushuka. Njia ya Lupanga ndani ya msitu, sehemu nyingi, si njia ya udongo bali ni mizizi ya miti iliyojitokeza ikawa ngazi. Wakati wa kupanda mizizi hiyo ni rafiki, unaishika kwa mkono na kujivuta. Wakati wa kushuka, ikiwa imelowa, na magoti yamechoka, na unakanyaga kwa kisigino, inateleza kama sabuni. Kwa hiyo katika mpango wako, kabla hujaandika saa ya kufika kileleni, andika saa ya kugeuka. Saa saba mchana, popote ulipo, hata kama kilele unakiona, unageuka. Na uamuzi wa kugeuka uwe wa kundi zima, siyo wa yule mwenye hofu peke yake.

Kwa mwenye siku moja tu, basi achague. Kama anataka kilele, aache kamera kubwa, abebe simu, apande. Kama anataka picha, aache kilele. Aende Morning Side, lile jengo la kale la enzi za Wajerumani lililo juu ya mji, ambako mtu wa kawaida anafika kwa mwendo wa nusu siku ya asubuhi bila kujiua. Akae pale. Apige mji ulivyotandazwa chini, apige mashamba, apige jengo lenyewe na msitu nyuma yake. Atarudi na picha tano za maana.

Mwenye siku tatu au nne ndiye ninayetaka kuzungumza naye zaidi. Huyu aanze na kalenda.

Morogoro iko karibu nyuzi 7 kusini mwa ikweta. Kwa hiyo mwaka mzima jua letu huchomoza karibu na saa kumi na mbili na nusu na kuzama karibu na saa kumi na mbili na nusu, na likishazama giza halibembelezi mtu. Ule mwanga wa dhahabu, unaotoka pembeni na kuchonga kila tuta la shamba, ni nusu saa hivi asubuhi na nusu saa hivi jioni. Ukiupoteza umeupoteza hadi kesho yake.

Lipo na jambo jingine ambalo wengi hatulitazami. Uso wa mlima tunaouona kutoka mjini unatazama kaskazini na magharibi. Kuanzia Machi hadi mwanzoni mwa Oktoba jua la mchana hupita upande wetu wa kaskazini, likaumulika uso huo. Desemba na Januari jua hupita kusini, mwanga unautokea mlima kwa mgongoni, na mikunjo yake haionekani vizuri. Bahati nzuri miezi ya jua la kaskazini inaingiliana na kiangazi, kati ya Juni na Septemba, ambapo njia zimekauka. Ningechagua Juni na Julai, masika yakiwa yameshaiosha hewa na kijani bado kibichi. Ukisubiri Septemba, moto wa kuandaa mashamba umeshaanza na moshi unatanda mabondeni. Jua la jioni litakuwa jekundu la kupendeza, lakini vilele vya mbali hutaviona.

Ukishapata mwezi, chagua upande. Uluguru ni safu nzima ndani ya Milima ya Tao la Mashariki, na kilele chake cha juu kabisa ni Kimhandu, kama mita 2,630, kule kusini, mbali na macho ya mjini. Upande wa mashariki, Kinole, Tegetero, Mkuyuni na Matombo, unaitazama Bahari ya Hindi na ndio unaopokea mvua ya kwanza. Huko kuna migomba, mifenesi, pilipili manga, mdalasini na karafuu, na kiangazi chenyewe hakiaminiki. Upande wa magharibi, Mgeta, uko juu, una baridi na ukavu kiasi, na ndio uliojaa kabichi, karoti, viazi na matunda ya nchi za baridi. Anayetaka kuona vyote kwa siku tatu ataona viti vya gari. Chukua upande mmoja.

Tuseme umechukua Mgeta. Unatoka mjini kwa barabara ya Iringa hadi maeneo ya Mzumbe, pale Sangasanga unakata kushoto, unapita Mlali na kuanza kupanda. Siku ya kwanza usipange lolote zaidi ya kufika Nyandira mchana, kumwona mtendaji wa kijiji, kujitambulisha, na kutafuta mwenyeji wa kutembea naye. Jioni tembea bila haraka na uangalie. Kazi ya jioni hiyo ni kuchagua mahali utakaposimama asubuhi: jua litatokea wapi, litagusa nini kwanza, nani ana shamba pale na utapita wapi bila kukanyaga miche yake.

Asubuhi ya pili, saa kumi na mbili, uwe pale umevaa koti. Mashamba ya Mgeta yamekatwa ngazi ngazi ubavuni mwa mlima. Jua linapoingia, ngazi ya juu inawaka na ya chini yake bado ina rangi ya bluu, na kivuli cha kila ukingo kinalala juu ya mboga za ngazi inayofuata. Mtu mmoja mwenye ndoo akipita hapo, picha imekamilika. Saa mbili unusu mwanga umekuwa bapa, ngazi zote zimefanana, na wewe unakwenda kunywa chai.

Lakini ujue unachokipiga. Katika miaka ya 1950 serikali ya kikoloni ya Mwingereza iliwalazimisha wakulima wa Uluguru kuchimba matuta ya ngazi, kwa nia ya kuzuia mmomonyoko. Sehemu zenye maji ya kumwagilia na soko la mboga, kama Mgeta, ngazi zilishika. Kwingine watu waliona ni kazi ya shokoa isiyo na mavuno, na mwaka 1955 mgogoro ukafikia ghasia. Anayeiweka picha ya ngazi hizo mtandaoni na maneno "mandhari tulivu" ameacha nusu ya habari nje ya fremu.

Mchana wa siku hiyo, jua likiwa kali, nenda kwenye maji. Maporomoko ya Hululu yako upande huohuo wa Mgeta, na maporomoko ni kitu kinachopendeza kwenye kivuli au mawingu, siyo kwenye jua la moja kwa moja linaloyageuza kuwa weupe mtupu. Siku ya tatu ndiyo ya miguu: panda na mwenyeji kuelekea uwanda wa juu wa Lukwangule, mita 2,400 na zaidi, ambako msitu unaisha na nyasi zinaanza. Siku hiyo kamera ikae begini. Mpango mzuri ni ule ambao kila siku ina bwana mmoja.

Nikitaja maji nataka tuwe makini. Kule Kenya, karibu na Naivasha, kuna Hifadhi ya Taifa ya Hell's Gate, iliyoanzishwa mwaka 1984. Korongo lake jembamba la mawe, Ol Njorowa, linafanana na makorongo membamba ya Marekani, na wapenda picha wanalipenda kwa sababu mwanga unaingia kwa juu kama kwenye ufa. Aprili 2012 watu 7 wa msafara wa vijana wa kanisa walifariki humo kwa mafuriko ya ghafla. Septemba 2019 mafuriko yakarudi, yakaua watu 7 tena, akiwemo mwongozaji wao. Maji ya korongoni huweza kutoka kwenye mvua iliyonyesha mbali, wakati hapo uliposimama jua linawaka. Kanuni hiyohiyo inafanya kazi Uluguru. Mto unaouvuka asubuhi kwa kurukia mawe unaweza kukukatalia kurudi jioni kwa mvua iliyonyesha kileleni. Kwa hiyo usiweke hema kando ya mto, na ukiona maji yamebadilika rangi au yanaleta majani na vijiti, toka bondeni kwanza, mengine baadaye.

Msitu nao una wenyewe. Hifadhi ya Mazingira Asilia Uluguru, iliyotangazwa mwaka 2008 na yenye zaidi ya hekta 24,000, iko chini ya Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania. Kibali unakipata Morogoro kwa kumbukumbu namba ya malipo, na hilo lifanye siku moja kabla, siku ya kazi. Kule Marekani, kupanda kile kibonge cha mwamba kiitwacho Angels Landing katika Hifadhi ya Zion, tangu Aprili 2022 mtu anaingia kwenye bahati nasibu ya vibali na anaweza kukosa. Sisi kibali kipo, tena kinapatikana. Tunachokikosa ni subira ya kukifuata Ijumaa. Na msitu huu ndio unaoulisha Mto Ruvu, ambao maji yake Dar es Salaam inayanywa. Anayeacha chupa za plastiki kule juu anazitupa kwenye bomba la kwao.

Ndani ya msitu mwanga ni haba, kwa hiyo usitafute mandhari makubwa. Inama. Kwenye miamba yenye unyevu na kivuli kuna maua madogo ya zambarau ya Saintpaulia, ambayo duniani kote watu wanayafuga madirishani na asili yake ni milima yetu hii ya Tanzania na jirani zetu Kenya. Yupo chozi wa Loveridge, ndege mdogo ambaye hapatikani mahali pengine popote isipokuwa Uluguru. Kwa vitu hivi unahitaji stendi ya miguu mitatu kuliko lenzi ya bei mbaya, na unahitaji nusu saa ya kukaa kimya.

Kuhusu vyombo nitapita upesi. Betri za akiba zikae mfukoni karibu na mwili, maana baridi ya usiku inazimaliza. Kamera ifungwe kwenye mfuko wa plastiki pamoja na vile vifuko vya chembechembe vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu. Ukitoka kwenye baridi kuja kwenye joto la mji usiifungue papo hapo, lenzi itatokwa jasho kwa ndani. Droni usiibebe kienyeji. Inahitaji kibali cha Wizara ya Ulinzi na cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga. Na viatu viwe vilivyokwisha kuzoeana na miguu yako, siyo vya kununuliwa Kariakoo juzi.

Nimalizie na watu, kwa sababu Uluguru si pori tupu. Asubuhi kwenye njia za mlimani utakutana na kina mama wanashuka kwenda sokoni mjini, mkungu wa ndizi kichwani, mtoto mgongoni. Mama aliyebeba mzigo ule hawezi kusimama akupe tabasamu. Kila sekunde anayosimama shingo yake ndiyo inayolipa. Mpishe, wewe ukae upande wa juu wa njia. Mwambie, "Shikamoo mama, pole na mzigo." Akishautua, pale watu wanapopumzikia, ndipo uombe picha, na akisema hapana, ni hapana. Kuna na mahali pa matambiko, ambapo hata wenyeji hawaingii hovyo. Habari za tambiko la Kolelo, kwa mfano, zimetajwa na wanahistoria hadi kwenye Vita vya Majimaji. Mahali kama hapo muulize mwenyeji wako kabla hujanyanyua kamera.

Na waliokubali, wapelekee picha zao. Zichapishwe kwenye karatasi pale mjini, gharama yake haizidi soda chache, uzikabidhi kwa yule aliyekuongoza azifikishe. Wageni wengi wamepita vijijini huko, wamepiga, wameahidi, wamepotea, na ndiyo sababu siku hizi ukiinua kamera mtu anageuza uso. Ukizirudisha wewe, mwakani ukipiga simu Nyandira kuuliza kama mvua imekata na kama ile njia ya Lukwangule inapitika, kuna mtu atakayetoka nje akatazame, akujibu kweli.